Kisu cha Stenlesi: Kununua, Kufuliwa au Kujitengenezea?

Mtu wa Rubongi, mashariki mwa Uganda, anayehitaji kisu cha jikoni ana njia nne, na zote ziko karibu. Atapanda boda hadi Tororo mjini akanunue dukani. Atashuka Malaba au Busia, avuke mpaka ajaribu bei za upande wa Kenya. Atamwendea mhunzi kando ya soko amfulie cha springi ya gari. Au atatafuta kipande cha chuma, tupa na msumeno, akae chini ya mwembe ajitengenezee mwenyewe. Hii ya mwisho imepata washabiki wengi tangu simu zilipojaa video za watu wanaogeuza vyuma chakavu kuwa visu vya kupendeza.

Nimezipima njia hizo kwa pesa, kwa muda na kwa makali, na jibu langu nalitoa mapema. Anayetaka kisu kimoja cha stenlesi, anunue. Anayejali makali kuliko kung'aa, aende kwa mhunzi. Kujitengenezea nako kuna nafasi yake, ila ni nafasi nyembamba kuliko video zinavyoonyesha, na kikwazo si uhaba wa vifaa. Kikwazo ni moto.

Bei nitakazotaja ni makadirio, kwa shilingi za Kenya. Za Uganda utazipata ukizidisha kwa 28 hivi, juu kidogo au chini kidogo kutegemea siku na kutegemea unayebadilishana naye. Kwa kisu cha shilingi 200, nauli ya boda kwenda na kurudi mpakani yaweza kumeza chochote ulichookoa. Kwa hiyo usivuke kwa ajili ya kisu. Vuka kwa shughuli zako nyingine, na kisu kije kama nyongeza.

Tuanze na dukani. Juu ya meza za wachuuzi, visu vya stenlesi huanzia kama shilingi 100 kwa kile chembamba chenye mpini wa plastiki. Vile vipana vyenye jina, kama Kiwi vya Thailand au Tramontina vya Brazil, huwa kati ya 200 na 500. Ukilinganisha cha 100 na cha 400 utadhani umelipia kutoshika kutu, lakini vyote viwili vitaoshwa mwaka mzima bila doa. Ulicholipia ni ugumu wa bapa. Kile cha 100 hukata nyanya vizuri wiki ya kwanza, kisha makali yanajikunja na kuanza kuiponda. Ukikinoa yanarudi, na baada ya siku chache yamekwenda tena. Cha 400 hukaa muda mrefu zaidi kati ya kunolewa na kunolewa, na mwaka ukiisha bado kina upana wake kwa sababu hakikuliwa na kinoo.

Namna ya kuupima ugumu huo ni kupitisha tupa ndogo karibu na mpini: ikiuma, chuma ni laini, ikiteleza, chuma ni kigumu. Muuzaji hatakubali ufanye hivyo kwenye bidhaa yake, na ana haki. Kukata karatasi pale mezani hakusaidii sana, maana kunakuonyesha kazi ya jiwe la kiwandani tu, na hata bati hukata karatasi likinolewa. Tazama badala yake kama kuna namba ya chuma kwenye bapa au kwenye boksi. Namba 420 ni chuma cha kawaida cha visu. Ukiona X50CrMoV15 uko mahali pazuri zaidi: herufi na tarakimu hizo zinasema kuna nusu ya asilimia moja ya kaboni na takriban asilimia 15 ya kromiamu. Neno la stenlesi peke yake, hata likigongwa kwa herufi kubwa, halikuambii lolote kuhusu makali.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Chuma cha pua huitwa stenlesi kikiwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu hiyo hujenga utando mwembamba usioonekana juu ya chuma, na utando huo huzuia kutu. Ugumu ni habari nyingine kabisa. Huo hutoka kwa kaboni, na hautoki mpaka chuma kichomwe kwa joto lake sahihi na kupozwa kwa ghafla. Kuna stenlesi inayokubali kugeuzwa hivyo na kuna isiyokubali, na mikononi zinafanana.

Isiyokubali ndiyo iliyojaa majumbani. Sufuria, sinki, vijiko vizuri, bomba za kiwanda cha maziwa: nyingi ni ile inayogongwa 18/8 au 18/10, yaani kromiamu asilimia 18 na nikeli 8 au 10. Ichome mpaka iwe nyekundu, itumbukize kwenye maji au mafuta, rudia mara unazotaka, haitakuwa ngumu. Ukiigonga kwa nyundo ikiwa baridi itakaza kidogo, lakini si kwa kiwango cha kisu. Kijana anayekata ukingo wa sinki bovu na kuusugua siku nzima atapata kitu chenye umbo la kisu, kinachopendeza, kitakachokata siagi.

Ili kuzitofautisha, chukua sumaku ya spika mbovu ya redio. Ile ya 18/8 kwa kawaida haishikwi na sumaku, au hushikwa kwa unyonge palipokunjwa. Stenlesi ya visu hushikwa barabara. Kipimo hiki kinatenga zile zisizofaa, lakini hakithibitishi zinazofaa, kwa sababu kuna stenlesi nyingine ya bei ya chini, ya vijiko na mapambo, inayoshikwa na sumaku na bado haiwezi kugeuzwa kuwa ngumu.

Busia, mahali boda boda ilipozaliwa kwa baiskeli, vyuma chakavu vya pikipiki havikosekani, na baadhi ya mafundi hukuonyesha diski ya breki ya mbele kama mali ya kutengenezea kisu. Si uongo mtupu. Diski nyingi za pikipiki ni stenlesi ya aina inayogeuzwa ngumu, na zimeshapitia moto kiwandani. Tatizo ni kwamba zilifanywa ngumu kiasi cha kuhimili breki, si kukata. Kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell diski huwa kati ya 30 na 40. Kisu cha jikoni cha heshima huwa 54 hadi 56. Tena diski ina unene wa milimita 4 hivi, ilhali bapa la jikoni halizidi 2. Utasaga nusu ya chuma iwe vumbi ili upate makali ya kijiko. Beringi nayo, inayopendwa sana na watu wa video, si stenlesi hata kidogo ijapokuwa inang'aa: kromiamu yake ni asilimia 1.5 tu, na ikilala na maji usiku mmoja asubuhi ina vidoa.

Sasa tuseme umebahatika kupata kipande cha 420 ambacho bado ni laini, na una jiko la mkaa lenye feni. Je, huwezi kukichoma mwenyewe? Joto lenyewe utalifikia. Mkaa ukipulizwa vizuri hufika hata kuyeyusha ncha ya chuma. Ila stenlesi ya visu inataka takriban nyuzi 1,000 hadi 1,050, na inataka ikae hapo dakika kadhaa mpaka kaboni iyeyukie ndani ya chuma. Ukipungukiwa na nyuzi 80 kinatoka laini. Ukizidisha, chembe za chuma zinanenepa na kisu kinavunjika siku ya kwanza kinapokutana na mfupa. Kwa chuma cha springi sumaku hukufanyia kazi ya kipimajoto: ikifika nyuzi 770 hivi chuma huachana na sumaku, unaongeza moto kidogo tu, unazamisha kwenye mafuta. Kwa stenlesi sumaku imeshaachana nacho zamani, na kutoka hapo hadi 1,000 una rangi ya moto tu ya kukuongoza, nayo hubadilika machoni kukiwa na jua au wingu.

Hata wenye ujuzi waliteleza hapa. Harry Brearley alipopata chuma chake kisichoshika kutu mjini Sheffield mwaka 1913, mafundi visu wa mji ule, watu waliorithi kazi kutoka kwa babu zao, walivirudisha visu vya kwanza wakisema havikati. Walikuwa wamevichoma kwa joto la chuma walichokizoea. Ni Ernest Stuart, wa kiwanda cha Mosley, aliyefanikiwa baada ya kujaribu tena na tena. Kama Sheffield ilisumbuka, mtu mwenye jiko la mkaa uani asijilaumu.

Kwa hiyo ujanja wa nyumbani ni kuukwepa moto kabisa: tafuta bapa la stenlesi ambalo kiwanda kimeshalichoma, ulibadilishe umbo likiwa baridi. Yaani kisu kikubwa kilichovunjika ncha, kisu cha bucha kilichopasuka mpini, kisu kipana kilicholiwa upande mmoja. Hivyo hupatikana bure au kwa 50, na kutoka ndani yake hutoka kisu kidogo kizuri cha kumenyea muhogo na kukatia kitunguu.

Hapa tupa na msumeno havifiki mbali. Bapa lililo gumu vya kutosha kuwa kisu litaifanya tupa iteleze na litameza meno ya msumeno. Nenda kwa fundi wa kuchomelea mwenye grainda, umchoree umbo kwa kalamu ya wino usiofutika, umlipe 50 au 100 akate. Usinunue grainda kwa sababu ya kisu. Ya bei ya chini ni 3,000 na zaidi, kabla hujahesabu diski. Na usimwachie fundi akusagie makali. Yeye atakandamiza mpaka cheche ziruke vizuri, na ndani ya sekunde chache ukingo mwembamba utapata joto la kuua ugumu wote uliolipiwa kiwandani. Akate umbo kwa nje, akiacha milimita mbili za ziada. Hizo utaziondoa mwenyewe kwenye jiwe la kusagia.

Kazi ya jiweni hufanywa bila glavu. Shika bapa kwa vidole vitupu, karibu kabisa na unaposugua, na weka bakuli la maji pembeni. Kidole kikisema moto, chovya. Usingoje rangi, maana stenlesi hubadilika rangi ikiwa imechelewa sana. Chuma cha springi angalau hukuonya kwa manjano ya nyasi kavu kabla hakijawa cha bluu. Kwenye grainda, kinyume chake, miwani ni lazima, pamoja na kikinga cha diski mahali pake, na kitambaa puani kwa sababu ya vumbi la kromiamu. Mafundi wengi wameshang'oa kikinga ili diski ifike pembeni. Ukikiona hakipo, simama mbali.

Mpini usikutie gharama. Kutoboa chuma kigumu ni vita, kwa hiyo tumia matundu yaliyokuwapo kwenye mkia wa bapa. Vipande viwili vya mvule kutoka kwa seremala ni bure ukisalimia vizuri, ingawa vumbi lake huwasha pua. Misumari miwili iliyokatwa na kugongwa kichwa inafanya kazi ya ribiti, na gundi ya epoksi inaziba nafasi ili maji ya ugali yasiingie. Au funga utepe wa tyubu ya baiskeli, kama wanavyofanya wenye visu vya wembe wa msumeno uliovunjika, ambavyo utaviona kwenye kila kibanda cha nyanya upande wa Busia. Hivyo vya wembe wa msumeno, kwa njia, hukata ajabu. Vinashika kutu na vinavunjika, lakini havikugharimu kitu.

Tupige hesabu. Bapa la zamani 50, fundi wa grainda 100, msasa karatasi tatu, wa chembe kubwa hadi laini, 150, gundi 200, kinoo, kama huna, 200. Jumla ni 700. Kama kinoo unacho, 500. Ukifunga tyubu badala ya mbao, unarudi hadi 300, na umepoteza nusu siku au siku nzima. Kwa pesa hizo ungepata kipya cha Thailand chenye mpini wa mbao na usahau habari. Hesabu inageuka pale unapotengeneza vitatu au vinne kwa mkupuo mmoja: gundi ni ileile, kinoo ni kilekile, msasa unaongeza karatasi moja, na fundi wa grainda atakata vyote kwa bei ya kupatana. Mama mwenye mgahawa anayevunja visu vitano kwa mwaka ana faida hapa. Mwenye nyumba ya kawaida hana.

Kuna jambo la sheria ambalo video hazilitaji. Ukinunua chakavu upande wa Kenya, mfanyabiashara wake anatakiwa awe na leseni chini ya sheria ya mwaka 2015, na serikali iliwahi kuisimamisha biashara nzima Januari 2022 baada ya nguzo za umeme kung'olewa vyuma. Kwa kisu cha jikoni hutakamatwa. Lakini kipande cha reli cha kufanyia fuawe, katika eneo ambalo treni hupita Malaba na Tororo, kinaweza kukuweka mahali pa kujieleza. Springi ya pickup iliyochoka haina maswali.

Na springi ndiyo inayotupeleka kwa mhunzi. Eneo hili si geni kwa kazi hiyo: vilima vya Samia, vinavyoangaliana juu ya mpaka, vina mawe ya chuma, na wahunzi wa Kisamia waliyeyusha chuma chao wenyewe na kuuza majembe hadi Busoga na Ujaluo, kabla majembe yaliyoletwa kwa meli na reli hayajashusha bei. Mhunzi wa leo hayeyushi tena. Anachukua springi ya gari na kuifua kwenye mkaa unaopulizwa na feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Springi ina kaboni ya asilimia 0.6 hivi, nyingi kuliko ya visu vingi vya stenlesi vya bei nafuu, na joto lake ni lile ambalo mkaa unalimudu. Unene wa milimita 6 au 7 ambao ungekuchosha wewe mwenye tupa, yeye anaupunguza kwa nyundo. Kisu kidogo ni 150 hadi 250, cha kuchinjia 300 hadi 500.

Ubaya wake unajulikana. Muhogo, nanasi, utomvu wa ndizi na nyanya vitakitia weusi siku ya kwanza, na ukikiacha kwenye beseni la vyombo usiku kucha asubuhi kina wekundu. Weusi haudhuru, na kisu kikizoea huacha kuchafua chakula. Kutu ndiyo ya kusugua. Kifute, kipake mafuta ya kupikia kidogo, kitundike. Nyumba yenye watoto wanaoosha vyombo na kuvikusanya vikiwa na maji itakiharibu. Hiyo inunue stenlesi. Anayekata sukuma wiki nyembamba kila jioni kwa mkono wake mwenyewe atakipenda cha springi. Kinolewe mgongo ukiwa umeinuka kama sentimita 1.2 juu ya jiwe kwa bapa lenye upana wa sentimita 4. Hata cha stenlesi ni vivyo hivyo.

Si kila kisu cha mhunzi kimechomwa sawasawa. Vingine hufuliwa na kupozwa hewani tu, vikabaki laini kama panga la kukatia nyasi. Vingine huzamishwa ndani ya maji badala ya mafuta na kupata ufa usioonekana. Mwombe akuzamishie kwenye mafuta, kisha akirudishe kando ya mkaa mpaka bapa lililosuguliwa lionyeshe manjano, ndipo akiache kipoe. "Fundi, nikipima kwa tupa hutakasirika?" Wengi watakupa tupa yao wenyewe. Pima upande wa makali karibu na mpini: iteleze, au iume kidogo tu. Ikiuma sana, kirudi motoni kabla hujatoa pesa. Na ukimletea springi yako mwenyewe, ya pickup badala ya lori ili asichoke kuipunguza, unalipia kazi na mkaa tu, jambo linaloweza kukishusha kisu cha 250 hadi karibu na 150, mpini ukiwa juu yako.